Mti Mmoja, Wasomaji Wengi: Fasiri za Dhana za Kabala katika Elimu za Batini za Magharibi

Utangulizi

Neno la Kiebrania "kabala" lina maana ya kitu kilichopokewa. Mzizi wake ni konsonanti tatu ambazo Kiarabu nacho kinazo, na ambazo kwa njia hiyo zimekipa Kiswahili maneno "kubali", "kabla" na "kibla". Mswahili anayesema "mapokeo", akikusudia mafundisho yaliyorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, amefika karibu kabisa na maana ya awali ya neno hilo bila ya kujua. Hata hivyo, kupokea kitu ni jambo moja na kukitumia kama alivyokitumia aliyekitoa ni jambo jingine.

Makala hii inachunguza namna baadhi ya dhana za Kabala zilivyofasiriwa zilipotoka mikononi mwa Wayahudi wa Uhispania, Ufaransa ya kusini na Galilaya, zikaingia mikononi mwa wanazuoni wa Kikristo, na hatimaye katika vyama vya siri vya London na Paris. Elimu za batini ni elimu zinazodaiwa kufichwa kwa wengi na kufunuliwa kwa wachache. Katika Ulaya elimu hizo zilichanganya unajimu, alkemia, uganga wa maandishi na falsafa ya Kiyunani, na kuanzia karne ya 15 Kabala ikawa miongoni mwa nguzo zake. Suala linalojadiliwa si la wapenda mafumbo peke yao. Ni suala la tafsiri na fasiri: mtu anaposoma dhana ya watu wengine kwa lugha yake, anasoma dhana gani hasa?

Mti kabla ya kuhamishwa

Kitabu kifupi cha kale kiitwacho Sefer Yetzirah, yaani Kitabu cha Uumbaji, kinasema kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa njia 32 za hekima: sefiroti kumi na herufi 22 za Kiebrania. Humo sefiroti ziko karibu sana na tarakimu, kwani mzizi wa neno lenyewe unahusu kuhesabu. Mabadiliko makubwa yalitokea baadaye, katika kitabu cha Bahir kilichojitokeza kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, na hasa katika Zohari, kazi kubwa iliyoandikwa kwa Kiaramu huko Castile mwishoni mwa karne ya 13. Zohari ilinasibishwa na Shimon bar Yochai, mwalimu wa karne ya pili, lakini watafiti wengi wanaihusisha na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305, pamoja na wenzake.

Katika maandishi hayo, Mungu katika dhati yake huitwa Ein Sof, Asiye na Mwisho. Hana jina wala sifa, na akili haimfikii. Kinachofikiwa ni sefiroti kumi, namna ambazo kwazo uhai wake hujidhihirisha: Taji, Hekima, Ufahamu, Fadhili, Hukumu, Fahari, Ushindi, Utukufu, Msingi na Ufalme. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhisi ugeni mkubwa. Hokhmah ya Kiebrania ni ndugu wa "hekima", Malkhut ni jamaa wa "milki", na Din, jina jingine la Hukumu, linakumbusha maneno ya Kiarabu yanayotaja siku ya kiyama kuwa siku ya "dini", yaani ya malipo na hukumu.

Jambo ambalo halina budi kusisitizwa ni kwamba mti huu ulisomwa ndani ya maisha ya sheria. Sefira ya kumi, Ufalme, ndiyo Shekhina, uwepo wa Mungu ulio pamoja na watu wake hata uhamishoni. Myahudi anaposhika Sabato, anaposali au kutoa sadaka kwa nia iliyoelekezwa vyema, anasaidia kuunganisha Shekhina na Fahari, na neema inashuka tena ulimwenguni. Kwa hiyo tendo la mwanadamu lina athari juu mbinguni. Si mwanadamu anayetengenezwa kwanza. Ni uhai wa Mungu wenyewe unaopatanishwa.

Isaac Luria (1534–1572), aliyefundisha kwa muda mfupi mjini Safed katika Galilaya, aliongeza masimulizi makubwa zaidi. Ein Sof alijikusanya ili kuacha nafasi kwa ulimwengu. Nuru ikamiminwa katika vyombo. Vyombo vikavunjika, na cheche za nuru zikatawanyika. Kazi ya wanadamu ni tikuni, yaani kutengeneza kilichovunjika. Gershom Scholem (1897–1982), mwasisi wa utafiti wa kisasa wa Kabala, aliona katika masimulizi hayo kilio cha Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492. Moshe Idel baadaye aliupinga uhusiano huo kwamba haukuthibitishwa na matini zenyewe. Ikumbukwe basi kwamba hata chuoni, mbali na makundi ya siri, fasiri hazijawahi kuwa moja.

Herufi moja na safari yake

Mwaka 1486 kijana wa Kiitalia, Giovanni Pico della Mirandola, alitangaza hoja 900 alizotaka kuzijadili hadharani mjini Roma. Nyingi kati yake zilihusu Kabala, aliyoisoma kwa msaada wa tafsiri za Kilatini zilizofanywa na Flavius Mithridates, Myahudi wa Sicilia aliyeingia Ukristo. Hoja yake mojawapo ilidai kwamba hakuna elimu inayothibitisha uungu wa Kristo kuliko elimu ya maajabu na Kabala. Mjadala ulizuiwa, na mwaka 1487 Papa Innocent VIII akazilaani hoja hizo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Sefiroti tatu za juu zilianza kusomwa kuwa Utatu Mtakatifu, na kitabu kilichoandikwa ili kumsaidia Myahudi kushika sheria yake kikageuzwa kuwa hoja ya kumtoa katika sheria hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa herufi shin. Katika kitabu chake cha 1494, De verbo mirifico, Mjerumani Johannes Reuchlin (1455–1522) alichukua herufi nne za jina la Mungu, yod, he, vav, he, akapachika shin katikati. Kwa maoni yake, jina lisilotamkika lilipata kutamkika, likawa jina la Yesu. Wazo hilo lina mvuto, lakini lina dosari ya kitahajia. Jina la Yesu kwa Kiebrania huandikwa yod, shin, vav, ayin. Halina he hata moja, na linaishia kwa ayin ambayo Reuchlin hanayo. Anayejua tofauti kati ya "paa" la nyumba na "paa" wa porini anajua kwamba mfanano wa sauti si ushahidi wa asili moja. Hapa hata mfanano wenyewe umelazimishwa.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo kuhusu Reuchlin. Mwaka 1509 Johannes Pfefferkorn, Myahudi aliyebatizwa, alipata kibali cha Kaisari Maximilian cha kutwaa vitabu vya Wayahudi. Reuchlin alipoombwa maoni yake, aliandika mwaka 1510 kwamba vitabu hivyo visiharibiwe, na kwamba Wayahudi nao wana haki chini ya sheria za dola. Alishambuliwa kwa miaka mingi, na mwaka 1520 Papa Leo X alitoa hukumu dhidi ya kitabu alichokiandika kujitetea. Mtu yuleyule aliyeisoma Kabala visivyo ndiye aliyesimama kuyalinda maandishi yake. Haikuwa hatari ya kubuni: mwaka 1553 nakala za Talmudi zilichomwa moto Roma, na miaka michache tu baadaye, kati ya 1558 na 1560, Zohari ikapigwa chapa Mantua na Cremona.

Safari ya herufi shin haikuishia kwa Reuchlin. Karne nne baadaye, wanachama wa Golden Dawn, yaani Alfajiri ya Dhahabu, waliipokea tahajia yake lakini hawakuhitaji hoja yake. Kwao herufi nne za jina la Mungu zilikuwa moto, maji, hewa na udongo, nayo shin ikawa roho inayoshuka kuvitawala vinne hivyo. Nyota yenye pembe tano iliyochorwa hewani wakati wa ibada zao ilisimama badala ya jina hilo. Herufi ambayo katika Sefer Yetzirah ni mojawapo ya herufi mama tatu, mama wa moto, ilikuwa imegeuzwa ushahidi wa Kristo, kisha chombo cha kutawalia pepo.

Tafsiri ya tafsiri

Dhana hizi zilifikaje London? Kati ya 1677 na 1684 mwanazuoni wa Kijerumani, Christian Knorr von Rosenroth, alichapisha Kabbala Denudata, mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya Kabala katika Kilatini. Nia yake ilikuwa ya Kikristo, ingawa alifanya kazi kwa bidii na kwa heshima. Mwaka 1887 Samuel Liddell MacGregor Mathers alitoa kwa Kiingereza sehemu tatu za Zohari, akizitafsiri kutoka Kilatini hicho cha Knorr. Mwaka uliofuata, 1888, yeye pamoja na William Wynn Westcott na William Robert Woodman walianzisha Golden Dawn. Kwa wasomaji wengi wa Kiingereza, Kabala ilikuwa ile iliyotoka Kiaramu hadi Kilatini na Kilatini hadi Kiingereza, pamoja na utangulizi wa Mathers uliowaeleza waone nini kabla hawajaona lolote. Tafsiri kamili ya kitaaluma, ile ya Pritzker yenye juzuu 12 iliyoanzishwa na Daniel Matt, ilianza kutoka mwaka 2004 na kukamilika 2017. Pengo la miaka 130 ni pana. Ndani yake dini ndogondogo zilizaliwa.

Ngazi ya kupandia

Ndani ya Golden Dawn, kila cheo cha uanachama kililinganishwa na sefira. Mwanagenzi alianzia Ufalme, chini kabisa, kisha akapanda kuelekea Msingi, Utukufu na kuendelea. Mti uliokuwa ramani ya uhai wa Mungu ukawa ngazi ya nafsi ya mwanadamu. Mabadiliko haya ndiyo makubwa kuliko yote, na yanaonekana hata katika mchoro wenyewe.

Mchoro uliopendelewa na wanabatini wa Kiingereza unafuata ule uliochapishwa na Mjesuiti Athanasius Kircher katika kitabu chake cha 1652–1654. Una mistari 22 inayounganisha sefiroti, na kutoka Ufalme inatoka mitatu: mmoja kwenda Msingi, mmoja Ushindi na mmoja Utukufu. Mchoro unaonasibishwa na Luria nao una mistari 22, lakini Ufalme umeunganishwa na Msingi peke yake. Mistari miwili inayokosekana chini iko juu, ikiunganisha Hekima na Hukumu, na Ufahamu na Fadhili. Katika mchoro huo wa Luria milalo ni mitatu kama herufi mama, iliyosimama wima ni saba kama herufi maradufu, na ya mshazari ni 12 kama herufi sahili. Ni kweli kwamba michoro ya Wayahudi yenyewe haikufanana yote. Lakini tofauti hii ina maana. Ufalme ambao hauna kitu chake mwenyewe, unaopokea yote kupitia mlango mmoja, ni Shekhina. Ufalme wenye njia tatu za kupandia ni kituo cha msafiri.

Dion Fortune, jina la kalamu la Violet Firth (1890–1946), alilieleza wazi jambo hili katika The Mystical Qabalah (1935): kwake mti ni yoga ya watu wa Magharibi, njia ya mazoezi ya akili. Israel Regardie (1907–1985), ambaye alizaliwa katika familia ya Kiyahudi London, alikwenda mbali zaidi mwaka 1938 kwa kuunganisha nguzo ya kati ya mti na tiba ya nafsi. Katika fasiri hizi sheria imetoweka, Israeli imetoweka, na wakati mwingine Mungu mwenyewe amebaki kuwa jina la tabaka la ndani la akili. Asiyekubaliana nazo hana budi kukiri kwamba zina mantiki yake na zimewasaidia wengi kuutazama moyo wao. Tatizo huanza pale zinapodai kuwa ndizo maana ya kale.

Karata na herufi

Kuhesabu thamani ya herufi si jambo geni Afrika Mashariki. Wanafalaki wa pwani wametumia abjadi, ambapo alifu ni moja, be ni mbili, jimu tatu na dali nne, na mpangilio huo una asili moja na ule wa Kiebrania. Kwa hesabu hiyo, neno la Kiebrania la "moja", ehad, lina thamani ya 13, na la "upendo", ahava, pia 13. Jumla yake ni 26, thamani ya jina la Mungu la herufi nne. Kabala ya Kiyahudi inapenda uhusiano wa aina hii kwa kuwa inaamini herufi zenyewe ni vifaa vya uumbaji.

Ndoa ya herufi hizo na karata za taroti ni habari nyingine. Karata hizo zilibuniwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa za mchezo. Mwaka 1781 huko Paris, Antoine Court de Gébelin alidai kuwa zilikuwa mabaki ya hekima ya Misri. Hakuna aliyeweza kumhakiki kwa maandishi ya Misri, kwani Champollion hakuwa ameyasoma bado. Alifanikiwa mwaka 1822. Kisha Éliphas Lévi (1810–1875), aliyekuwa shemasi na jina lake halisi likiwa Alphonse Louis Constant, akajenga mfumo mzima katika kitabu chake cha 1854–1856: karata kuu ni 22, herufi ni 22, kwa hiyo ni kitu kimoja.

Lakini karata ipi ni herufi ipi? Karata ya Juha haina namba, au ina sifuri. Lévi aliiweka kwenye shin, ya pili kutoka mwisho, na Mfanyamazingaombwe akawa alef. Golden Dawn walimweka Juha kwenye alef, Mfanyamazingaombwe akasogea hadi beti, na kila karata ikahama nafasi isipokuwa ya mwisho, Ulimwengu, iliyobaki kwenye tav. Aleister Crowley (1875–1947) naye alidai kwamba andiko alilofunuliwa Cairo mwaka 1904 lilimkana Nyota kuwa herufi tsade, hivyo katika The Book of Thoth (1944) akabadilishana nafasi za Nyota na Kaisari. Mifumo mitatu, na kila mmoja ukitangazwa kuwa siri iliyohifadhiwa tangu kale. Mizani ya kuamua kati yao haipo, kwa sababu hakuna matini ya kale ya Kiyahudi inayozitaja karata hizo. Hapa fasiri haifasiri tena. Inatunga, na si vibaya kutunga, ila mtunzi asijiite mwandishi wa nakala.

Kifuu na nazi

Dhana ya kelipoti inastahili uangalifu wa pekee. Neno lina maana ya maganda. Zohari hutumia mfano wa kokwa: kiini kinazungukwa na maganda, na anayetaka kiini hukutana nayo kwanza. Mtu wa Lamu au Kwale angesema kifuu cha nazi. Kifuu hakiliwi, lakini bila kifuu nazi isingefika sokoni. Kwa mujibu wa Luria, cheche za nuru zimenaswa ndani ya maganda hayo, na maganda huishi kwa cheche hizo. Mtu anayesema neno la baraka kabla ya kula tunda anaweza kuinua cheche iliyomo. Lipo hata ganda lenye mwanga, ambamo jema na baya vimechanganyika.

Mathers, katika utangulizi wa kitabu chake cha 1887, aliyapanga maganda hayo kuwa makundi kumi ya mashetani wenye wakuu wao. Hakubuni kila kitu, kwani huko Castile, katika karne ya 13, Isaac ha-Kohen alikuwa ameandika juu ya nguvu za upande wa kushoto, Samaeli na Lilith. Lakini orodha ilibaki na wasiwasi wa cheche ukapotea. Kenneth Grant (1924–2011), mfuasi wa Crowley, alichapisha mwaka 1977 kitabu kinachosimulia mashimo yaliyo chini ya kila njia ya mti, na kuyafanya mahali pa kuzuru. Kwa Luria mtu anaingia kwenye ganda ili kuokoa kilichonaswa. Kwa Grant anaingia ili kuona kilichomo.

Suala la Kiswahili

Scholem aliwataja Lévi na Crowley kwa dharau, akawatoa nje ya mlango wa Kabala ya kweli. Msimamo huo umepunguzwa makali tangu hapo. Boaz Huss ameonyesha kwamba hata kipimo cha "kweli" ambacho Scholem alitumia kilikuwa na asili ya kisasa ya Ulaya, na Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambako kiti cha uprofesa cha historia ya falsafa ya Kihermesi kilianzishwa mwaka 1999, kimezifanya elimu za batini kuwa uwanja halali wa utafiti. Pande zote mbili zina la kusema. Kumwacha Mathers nje kabisa ni kuikana historia. Kumkaribisha bila ya kumuuliza alikotoa maneno yake ni kuwasahau wale ambao vitabu vyao vilichomwa.

Mtafsiri wa Kiswahili atakapozishika matini hizi atakutana na swali hili katika neno moja tu: sefiroti. Akisema "sifa", ataungana na wanaoziona kuwa ni za dhati ya Mungu. Akisema "vyombo", ataungana na Menahem Recanati, aliyeshikilia kuwa ni zana ambazo Mungu hutenda kwazo. Moses Cordovero (1522–1570) alijaribu kuyaunganisha maoni hayo mawili, hivyo mtafsiri wake atahitaji maneno mawili katika sentensi moja. Na akisema "ngazi", neno linalokuja mdomoni upesi kuliko yote, atakuwa tayari ameketi London mwaka 1888.